Ukishamfokea mtoto, unafanya nini baada ya hapo? (Uzi mrefu, karibuni)

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Jana usiku nilisimama mlangoni mwa chumba wanacholala wanangu, nikamtazama wa katikati. Ana miaka 6. Alikuwa amelala kifudifudi, machozi yamemkaukia shavuni. Kabla hajalala nilimfokea kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha. Kosa lake? Nilimwambia avue viatu akaoge, hakuvua. Nikarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano nilipasuka. Mdogo wake wa miaka 2 akakimbilia nyuma ya kiti.

Mambo ya malezi nimeanza kuyasoma tangu mwanangu wa kwanza alipoanza kuitwa mkorofi na kila aliyeachiwa amlee. Ni karibu miaka 8 sasa. Ninachokutana nacho mara nyingi ni ushauri wa kabla: tulia, vuta pumzi, hesabu mpaka kumi, chuchumaa umtazame usoni. Ni ushauri mzuri, na nikiweza naufuata. Lakini zipo siku umerudi nyumbani kichwa kinagonga, usingizi wa juzi hujaulipa, na mdomo unatangulia akili. Basi hiyo saa moja baada ya kufoka, nani anaizungumzia? Kwangu mimi sehemu kubwa ya malezi inafanyika hapo.

Nieleze kwa nini.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio ambalo tangu nilijue halijaniacha. Mama anacheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, anamchekea, anaitikia kila sauti yake. Kisha anaombwa amtazame kwa uso mkavu usioonyesha chochote, kwa dakika chache tu. Haondoki. Anabaki pale pale, ila hasemi wala hatabasamu. Mtoto wa miezi michache anashtuka karibu papo hapo. Anatabasamu ili amrudishe mama yake. Anatoa sauti, ananyoosha mikono, anajirusharusha. Asipojibiwa anageuza uso pembeni, anajikunja, wengine wanaangua kilio.

Wengi wanaolifahamu jaribio hili wanaishia hapo. Mimi nimeshikwa na sehemu ya tatu: mama anaruhusiwa kurudi. Anamsemesha, anamchekea tena, na mtoto anasita, pengine ananuna kidogo, halafu anampokea.

Tronick na wenzake walipochunguza michezo ya kawaida ya mama na mtoto wanaoelewana vizuri, waliona wawili hao wanakuwa sambamba takribani asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana. Mtoto anataka kupumzika, mama anamchezesha. Mtoto anachangamka, mama yuko kwingine. Halafu wanatafutana tena, na inakuwa hivyo kutwa nzima. Mtoto anayekulia ndani ya kupishana na kutafutana huko anajua mwilini mwake, kabla hata hajaweza kusema, kwamba mambo yakiharibika hutengenezeka.

Ndiyo maana nasema mzazi atakosea, hilo halikwepeki, ila jeraha hukaa pale mzazi asiporudi. Mnielewe vizuri: nazungumzia hasira na makosa ya kila siku. Mtoto anayepigwa au kudhalilishwa mara kwa mara hatibiwi na neno samahani. Huyo anahitaji jambo lenyewe likome.

Leo asubuhi nilimwamsha kabla ya wenzake, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia: "Jana nilikufokea. Sauti ilikuwa kubwa mno, na nadhani ilikutisha. Lile ni kosa langu. Samahani." Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu ulimi unawasha kuongeza "lakini na wewe ungesikia tangu mwanzo". Ukiliongeza hilo tu, umefuta yote uliyosema.

Alichezea shuka kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kamba ilikuwa imeshika fundo. Nilishindwa kulifungua."

Wakuu, mara nne nimemwambia avue, na mara nne alikuwa hawezi. Na kwa uso niliokuwa nao, hakupata pa kuanzia kuniambia.

Ninyi mnafanyaje mkishafoka? Naomba tuzungumze kwa uwazi.

---

Mzee wa Kivulini

Kijana wangu, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nimelea watoto 5 na sasa nina wajukuu, kwa hiyo sisemi kwa kuhadithiwa.

Mzazi akimwomba radhi mtoto anajishusha. Leo akishajua kwamba baba hukosea, kesho utamwambia neno gani alishike? Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulichapwa, tuliogopa wazazi, na tukawa watu. Sipingi mapenzi kwa watoto. Naogopa tu mnakuza kizazi kisichosikia la mkuu.

---

Mleta mada

Shikamoo mzee. Nashukuru umelisema wazi, maana naamini wengi humu wanalifikiria na hawaliandiki.

Kwenye kushuka heshima, nimejifunza kutenganisha vitu viwili. Kuna sheria, na kuna namna nilivyoisimamia. Nilipomwomba radhi sikusema kuoga kumefutwa. Leo jioni ataoga, na kesho pia. Nilichoomba radhi ni kelele. Mtoto wa miaka 6 anaelewa tofauti hiyo kuliko tunavyomdhania.

Miaka ya 1960 Diana Baumrind, mtafiti wa Marekani, aliwagawa wazazi aliowachunguza katika mitindo mitatu: wanaoamrisha bila ukaribu, walio karibu na watoto lakini hawaweki mipaka, na wanaoweka mipaka imara huku wakieleza sababu na kumsikiliza mtoto. Baadaye, mwaka 1983, Eleanor Maccoby na John Martin wakaongeza kundi la nne, la wazazi wasiotoa ukaribu wala mipaka. Kwa ujumla watoto wa wale wenye vyote viwili ndio waliojitegemea na kujidhibiti vizuri zaidi. Kwa hiyo, mzee, hofu yako ya watoto wasio na mipaka ina msingi kabisa. Mtoto asiyewekewa mpaka hana raha, anatangatanga akiutafuta ulipo.

Kuhusu fimbo, hapo naomba tutofautiane kwa heshima. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zenye watoto karibu 161,000. Waliangalia kuchapwa kofi kwa kawaida, ule ukatili wa wazi waliuweka kando. Kuchapwa kuliambatana na ugomvi zaidi, tabia mbaya zaidi na matatizo zaidi ya kihisia. Mtu ana haki ya kuuliza: si ndio walewale wakorofi wanaochapwa zaidi? Ni swali zuri. Lakini zipo tafiti zilizowafuatilia watoto kwa miaka na kuzingatia ukorofi waliokuwa nao tangu mwanzo, na mwelekeo ulibaki uleule.

Uliposema mlichapwa na mkawa watu, ninaamini. Naamini pia kwamba mlikuwa watu kwa sababu ya mengine mliyopewa: mlikuwa na watu wa kuwasubiri mrudi nyumbani, mlikuwa na majukumu, kulikuwa na mtu aliyejua majina ya rafiki zenu. Hayo ndiyo ninayotaka kuyabeba kutoka kwenye kizazi chenu.

---

Mama wa Wawili

Kaka mleta mada, la kwangu liko kinyume. Mwanangu mdogo ana miaka 3. Akinyimwa kitu anajitupa chini, anapiga miguu, anapiga mayowe mpaka watu wote wanageuka. Nahisi macho yao mgongoni. Mara nyingi nampa tu yaishe. Sasa hapo mimi sijamfokea, yeye ndiye ananifokea. Nirudi wapi?

---

Mleta mada

Dada, pole. Wa kwanza wangu alinipitisha huko karibu mwaka mzima, kwa hiyo naandika haya nikiwa nimeyaishi.

Kwanza ujue kwamba kwa umri wa mwaka na nusu hadi minne hivi, hilo ni jambo la kawaida. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia na kusubiri, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mtoto wa miaka 3 ana hamu ya mtu mzima na breki za mtoto.

Pili, yanaisha haraka kuliko yanavyoonekana ukiwa katikati yake. Mwaka 2003 Michael Potegal na Richard Davidson walichapisha uchunguzi wa vilio vya namna hii, na robo tatu ya vilio hivyo vilimalizika ndani ya dakika 5. Waliona pia kwamba ndani yake kuna vitu viwili vimechanganyika: hasira na huzuni. Hasira hupanda mapema kisha ikashuka. Huzuni hubaki, na mwishoni mtoto mara nyingi humtafuta mtu wa kumliwaza. Nilipolijua hilo niliacha kuhutubia wakati wa mayowe. Nilikuwa nakaa chini karibu naye, namkinga asijiumize, nasema sentensi moja, "Umekasirika, ulikitaka sana kile," basi. Mayowe yakigeuka kwikwi, nanyoosha mikono. Hapo ndipo pa kurudi, dada. Unarudi kwake hata kama aliyelipuka ni yeye. Na kile kitu bado hapati.

Sasa hilo la kumpa yaishe, naomba nikae nalo kidogo kwa sababu ndilo lililonipa shida kuliko yote. Gerald Patterson, mtafiti mwingine wa Marekani, alitumia miaka mingi kuangalia familia zenye watoto wagumu, akaona mtego unaojirudia. Mtoto anadai, mzazi anakataa. Mtoto anapandisha sauti, mzazi anapandisha yake. Mtoto anapandisha tena, mzazi anachoka, anatoa. Mtoto amelipwa kile alichotaka. Mzazi naye amelipwa: kimya kimerudi. Wote wawili wamefundishwa kwa wakati mmoja, na kesho wote watarudia. Mzazi hafanyi hivyo kwa uvivu, anafanya kwa sababu kimya kile ni kitamu mno.

Na kutoa mara mojamoja ni kubaya kuliko unavyofikiri. Mtoto ambaye kilio humlipa leo, kesho hakimlipi, keshokutwa kinamlipa, atalia kwa muda mrefu zaidi, maana kila mara inawezekana leo ndiyo siku yenyewe. Ukiamua kuacha kutoa, jiandae: siku za mwanzo kilio huongezeka kabla hakijapungua. Wengi huvunjika hapo, na wakitoa pale kilipofika juu kabisa, wamemfundisha mtoto kwamba kiwango kinachotakiwa ni kile.

Neno moja lililoniokoa: kama utakubali, kubali kabla hajalia. Jiulize haraka, je, hiki naweza kumpa? Kama ndiyo, mpe mapema na kwa moyo mweupe. Kama hapana, hapana ibaki hapana. Utagundua kwamba nusu ya hapana zako zilikuwa za mazoea tu. Mimi niligundua hivyo.

Na macho ya watu... dada, karibu kila mzazi anayekutazama pale amewahi kuwa mahali ulipo.

---

Mwalimu wa Chekechea

Naunga mkono mengi, ila nina la kuongeza baada ya miaka ya kukaa na watoto wa watu.

Mleta mada anaandika kama vile kila mtoto anataka ukae karibu naye akilia. Wapo ambao ukiwasogelea wakati wa hasira unawasha moto. Hao wanataka hatua kadhaa za nafasi, wakujue upo, na uwaache. Nimekuwa na watoto ambao njia bora ya kurudiana nao ni kukaa kando na kuanza kupanga vipande vya mbao bila kusema neno. Baada ya dakika kadhaa mkono mdogo unaongeza kipande. Tumeelewana.

Tangu mwaka 1956 Alexander Thomas na Stella Chess, mke na mume, walifuatilia watoto huko New York kuanzia uchanga wao. Waliona tofauti za silika tangu mwanzo kabisa. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi, asilimia 10 wagumu, asilimia 15 wale wanaochukua muda kuzoea kitu kipya, na waliobaki walikuwa mchanganyiko. Jambo walilolisisitiza ni kwamba matokeo hayakutegemea silika peke yake. Yalitegemea mtoto na mazingira yake vinavyooana. Mtoto mwenye nguvu nyingi kwa mzazi anayetaka utulivu wa muda wote ataitwa mtundu. Huyohuyo kwa mzazi mwingine ataitwa mchangamfu.

Kwa hiyo wazazi, kabla hamjasema "mbona dada yake hakuwa hivi", kumbukeni hamkuletewa mtoto yuleyule mara mbili.

Halafu usingizi. Kila juma napokea watoto wanaoitwa wakorofi, na nikichunguza naona hawalali vya kutosha. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo: mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, miaka 3 hadi 5, saa 10 hadi 13, miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12, vijana wa 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia. Mtoto mdogo mara nyingi hufanya kinyume: anakimbia, anarusha vitu, analia kwa jambo dogo, na nyumbani wanasema "huyu hana usingizi kabisa". Anao. Umempita. Mleta mada, mwanao ulipomfokea ilikuwa saa ngapi?

---

Mleta mada

Mwalimu, asante. Ilikuwa imepita saa nzima baada ya muda wake wa kulala. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka uliponiuliza. Na la nafasi nimelipokea, wa kwanza wangu ni hivyo hivyo, mguse akiwa na hasira uone.

---

Naomba Msaada

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mwanangu ana miaka 2 na miezi 3. Ukimwita hageuki, anasema maneno machache mojamoja, hajaunganisha mawili. Baba yake anasema ni kiburi, anamkaripia sana. Mimi moyo wangu unakataa.

---

Mwalimu wa Chekechea

Mama, hujatoka nje ya mada hata kidogo. Sikiliza moyo wako, na umpeleke kwa daktari wa watoto juma hili hili, usisubiri "atasema tu akikua".

Omba apimwe masikio kwanza, hata kama unaona anasikia baadhi ya sauti. Watoto wa umri huo hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, hasa baada ya mafua na maambukizi ya masikio, wakawa wanasikia kama mtu aliye chini ya maji. Leo anasikia, kesho hasikii, na mtu mzima anaona kiburi.

Kuna alama ambazo hazipaswi kungojwa: mtoto kufikisha miezi 12 bila kubwabwaja wala kuonyesha kitu kwa kidole au kupunga mkono; miezi 16 bila neno hata moja; miezi 24 bila kuunganisha maneno mawili kwa hiari yake, ukiacha yale ya kuiga. Na umri wowote ule, mtoto akipoteza maneno au ukaribu aliokuwa nao, ni wa kupelekwa mara moja. Inaweza kuwa masikio, inaweza kuwa usemi tu umechelewa, inaweza kuwa usonji. Lolote litakalokuwa, msaada wa mapema hufanya kazi kubwa zaidi.

Na baba yake msimwinde kwa lawama. Nenda naye. Akisikia kwa daktari atalainika.

---

Baba wa Kijana

Wangu ana miaka 14. Mlango umefungwa, jibu ni "poa" kwa kila swali. Juzi nilimnyang'anya simu mbele ya rafiki zake na kumwambia maneno ambayo nayajutia. Hawa wakubwa unawarudiaje? Hakai ukingoni mwa kitanda akakusikiliza.

---

Mleta mada

Mkuu, wangu wa kwanza ana 11 tu, kwa hiyo chukua hili kama neno la mwenzako anayekaribia.

Niliyoyaona kwa wapwa zangu ni kwamba kijana husikia vizuri zaidi mkiwa bega kwa bega kuliko uso kwa uso: mnatembea, mnatengeneza kitu, uko kwenye usukani yeye kando. Sema kifupi. "Nilikuaibisha mbele ya rafiki zako, sikupaswa. Suala la simu tutalizungumza, lakini si kwa namna ile." Usingoje ajibu. Akisema "poa" amesikia. Aibu mbele ya wenzake kwa umri ule ni kidonda, ndiyo maana ningeanza na hilo kabla ya simu.

---

Nimechoka Jamani

Nawasoma nalia. Nalea wawili peke yangu. Najua yote mnayoyasema. Shida si kujua. Saa moja usiku sina tena kitu ndani yangu. Nikifoka najifungia bafuni, nikitoka hata nguvu ya kusema samahani sina. Nawaza nimeshawaharibu.

---

Mama wa Wawili

Mwenzangu, njoo hapa. Hujawaharibu.

Mimi nilipokuwa na mchanga nilipita gizani kwa miezi. Nililokuja kulijua baadaye, na natamani ningeambiwa mapema: Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mwaka 1953 kuhusu mama *anayetosha*. Hakusema mama kamili. Alisema mtoto anakua hasa kwa sababu mama, taratibu, anashindwa kumtimizia kila kitu. Neno "anayetosha" nililishika kama kamba.

Samahani haihitaji nguvu nyingi. Usiku ule ambao huna maneno, mwekee mkono mgongoni mpaka alale. Ukiamka utasema.

Lakini pia naomba unijibu kwa ukweli: huku kuishiwa kumechukua muda gani? Kama kunazidi juma mbili, hulali hata ukipata nafasi, au unawaza wangekuwa bora bila wewe, usikae nalo peke yako. Mwone mhudumu wa afya kesho, umwambie maneno haya haya uliyoyaandika hapa. Na leo hii mpigie mtu mmoja wa karibu. Nitumie ujumbe pembeni, niko macho.

---

Mleta mada

Dada, nimesimama na wewe. Niongeze moja tu. Huko Kauai, kisiwa cha Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka 1955, 698 kwa idadi, mpaka wakawa watu wazima. Baadhi walianza maisha wakiwa na mizigo mingi: ufukara, ugomvi, wazazi wagonjwa. Kama theluthi moja ya hao walikua wakawa watu imara na wenye huruma. Walichokuwa nacho ni angalau mtu mzima mmoja aliyekuwa thabiti kwao, na si lazima awe mzazi. Kwa hiyo ukimpata bibi, shangazi, jirani au mwalimu anayewapenda wanao, mpe nafasi. Kuwaachia kwake saa mbili ukalala ni kuwalea.

---

Nimechoka Jamani

Asanteni. Imezidi juma mbili. Dada yangu anakuja kesho asubuhi kukaa na watoto, nakwenda kituo cha afya. Nimewawekea mikono migongoni.

---

Mzee wa Kivulini

Mleta mada, marahaba. Nilichelewa kuitika salamu yako.

Nimesoma michango yote kwa siku mbili. Sijakubaliana na kila kitu, na sitadanganya kwamba nimekubaliana. Lakini ile kamba ya viatu yenye fundo imenikosesha usingizi.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 9 nilimchapa kwa kupoteza pesa ya shule. Alisema hakupewa. Nikamwongeza kwa kusema uongo. Miezi kadhaa baadaye niliikuta kwenye mfuko wa koti langu. Sikumwambia. Nilijiambia ameshasahau.

Leo ana miaka 41. Jana jioni nilimpigia simu, nikamwambia ile pesa ilikuwa kwangu, na kwamba nilimchapa bure, na kwamba nimeijua siri hiyo muda wote huu. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Najua, baba. Mama aliniambia mwaka uleule. Nilikuwa nakungoja wewe."

Tulikaa hivyo wote wawili kimya. Halafu akaniuliza kama nimemeza dawa ya jioni, nikamwambia bado, akasema kameze nakungoja. Nikaenda, nikarudi, alikuwa bado yupo.

Jumamosi anakuja na watoto.